Mzunguko wa Kusini Unguja kwa Baiskeli

Mzunguko wa siku moja ni safari inayoanzia na kuishia mahali pamoja bila kurudia barabara ile ile. Kwa mtu mwenye afya aliyezoea baiskeli, kiasi cha wastani ni kilomita 50 hadi 70. Katika pwani yetu, mzunguko mzuri wa kiasi hicho uko kusini mwa kisiwa cha Unguja. Unapita Paje, Jambiani, Makunduchi na Kizimkazi, kisha unapanda kaskazini kwa njia ya Muyuni hadi njiapanda ya Kitogani, na kurudi Paje upande wa mashariki. Jumla ni takribani kilomita 65. Barabara kuu ni ya lami, na nchi ni tambarare, kwa kuwa upande huu wa kisiwa ni mwamba wa matumbawe wenye udongo haba.

Kwa kuwa hapana milima ya kupanda, wengi huipanga safari hii kwa kuhesabu kilomita tu, na hapo ndipo wanapokosea. Mlima wa pwani ni upepo. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki katika miezi ya katikati ya mwaka; kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, tangu Desemba hadi Machi. Anayekwenda kilomita 15 kwa saa akikabili upepo wa kilomita 20 kwa saa hupigwa usoni na hewa yenye mwendo wa kilomita 35. Ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo huo, kwa hiyo mwili wake hukinzwa zaidi ya mara tano kuliko siku ya shwari. Hakuna giya ya kuufuta mzigo huo.

Kanuni inayofaa ni kuukabili upepo asubuhi, miguu ingali na nguvu na upepo wenyewe haujachangamka, ili alasiri ukusukume mgongoni. Wakati wa kusi, anzia Paje ushuke pwani hadi Makunduchi. Sehemu ngumu itakwisha mapema, na kutoka Kizimkazi kwenda Kitogani utasukumwa. Wakati wa kaskazi, anzia Makunduchi upande pwani hadi Paje, geuka magharibi, kisha teremka na upepo hadi Kizimkazi. Mahali pa kuanzia pachaguliwe kwa msimu, hata kama inabidi kulala kijiji kingine usiku wa kuamkia safari. Masika, tangu Machi hadi Mei, ni afadhali kuiahirisha.

Saa zipangwe kwa jua. Ukiondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi wakati wa kusi, kwa mwendo wa kilomita 12 hadi 15 kwa saa na mapumziko mafupi, utafika Kizimkazi kabla ya joto kali. Hapo ndipo pa kukaa kivulini hadi saa nane mchana. Pana cha kutazama pia: msikiti wa Dimbani una maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, miongoni mwa ya kale zaidi katika Afrika Mashariki. Omba ruhusa kwanza, vua viatu, vaa nguo za heshima.

Kati ya Paje na Jambiani, mwenye matairi mapana anaweza kupita ufukweni badala ya barabarani, maji yakiwa yamekupwa na mchanga ungali mgumu. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hapa hukupwa sana karibu na saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata saa hiyo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Siku za bamvua ndizo ambazo kina mama wakulima wa mwani huwa kazini, basi usipite juu ya kamba na vigingi vyao. Chumvi hula cheni upesi, kwa hiyo ioshe kwa maji baridi jioni ile ile na kuipaka mafuta.

Maji ya kunywa ni nusu lita hadi robo tatu kwa kila saa ya kukanyaga. Jaza chupa Makunduchi na Kizimkazi, kwani kuelekea Kitogani maduka hupungua. Dafu na mihogo vinatosha kwa nguvu. Mlo mzito wa mchana hulemaza. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa mbele za watu vijijini. Beba tyubu ya akiba, viraka, gundi, pampu na spana. Mafundi wa baiskeli wapo vijijini, ila pancha haichagui mahali.

Barabarani shika kushoto. Daladala husimama ghafla kupakia abiria, na matuta hayana alama kila mara, hivyo breki zote mbili zipimwe kabla ya kutoka.

Jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni, na giza huingia haraka. Ukijikuta bado uko njiani saa kumi na moja na nusu bila taa, simamisha daladala, pandisha baiskeli juu ya paa, umalizie safari ndani ya gari.