Hadithi Mbili na Mlango wa Makerere

Ndugu msomaji, nianze na kisa changu kidogo kabla sijaingia kwenye historia yenyewe.

Mwaka jana nilikuwa na kaunta buku tatu zilizojaa riwaya yangu. Niliiandika kwa Kiswahili, usiku, hapa Isongole, baada ya kushinda mchana kutwa nikipakia magunia ya mahindi. Jamaa mmoja aliyenizidi elimu akapitia kurasa kama kumi hivi, akatabasamu, akaniambia, "Bwana mdogo, kuandika unajua, ila unajisumbua bure. Andika Kiingereza. Kiswahili chako kitaishia hapahapa Isongole."

Kwa kweli maneno yale yalinichoma. Nikajifungia ndani wiki mbili, nikijaribu kuifasiri riwaya yangu mwenyewe kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne. Ukurasa wa kwanza ulinichukua siku nne. Mhusika wangu mkuu ni mama muuza vitumbua mwenye ulimi mkali kama wembe. Nilipomtia kwenye Kiingereza akawa mpole, akaongea kama barua ya kuomba kazi. Nikatupa kalamu.

Jioni moja nikaenda kumlilia mzee mmoja, mwalimu mstaafu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekunja uso hivyo?"

Nikamweleza yote. Hakunijibu. Akaingia ndani, akatoka na kitabu kilichopoteza jalada. "Kasome habari za Makerere 1962," akasema. "Ukishamaliza urudi tubishane."

Nilisoma hicho, nikatafuta na vingine. Haya niliyoyapata nawaletea nyinyi wenzangu wenye miswada chini ya godoro.

Uongo mdogo wa 1960

Mwaka 1959 kijana mmoja kutoka Limuru, Kenya, aliingia Chuo cha Makerere, Kampala. Alizaliwa 1938, na wakati ule aliitwa James Ngugi. Baadaye dunia ilimjua kama Ngugi wa Thiong'o. Hakuwa na kitabu wala jina. Pale chuoni palikuwa na jarida dogo la wanafunzi wa Idara ya Kiingereza, likiitwa Penpoint.

Siku moja mwaka 1960 alikutana na Jonathan Kariara, Mkenya mwenzake aliyekuwa karibu sana na jarida lile. Ngugi akamsimamisha, akamwambia ana hadithi fupi aliyoiandika. Je, angependa kuisoma? Basi, hadithi yenyewe ilikuwa haijaandikwa! Ngugi mwenyewe alikuja kusimulia kisa hiki miaka ya baadaye. Kariara akakubali kuisoma, na muongo wetu ikambidi akae chini aandike kweli ili asiumbuke. Hadithi iliyotokea ilichapwa kwenye Penpoint kwa jina la "The Fig Tree", yaani mti wa mugumo ambao Wakikuyu wanauheshimu. Baada ya hapo akaandika nyingine, "The Return", ikatoka kwenye Transition, jarida ambalo Rajat Neogy alilianzisha Kampala mwaka 1961.

Hadithi mbili tu. Hizo ndizo zilizokuwa mfukoni mwake.

Juni 1962

Mwezi Juni mwaka 1962 Makerere iliandaa kongamano kubwa la waandishi wa Afrika. Ezekiel Mphahlele wa Afrika Kusini alikuwa mmoja wa waandaaji wakuu. Kutoka Nigeria walikuja Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo na J. P. Clark. Kutoka Marekani alikuja Langston Hughes. Grace Ogot wa Kenya alikuwepo. Hata jirani zetu wa Malawi, ambayo enzi hizo ikiitwa Nyasaland, walikuwa na mtu wao, mshairi David Rubadiri. Nikisimama hapa Isongole naiona nchi yake kwa macho, hivyo jina lile nililisoma mara mbili.

Na Ngugi, mwanafunzi wa miaka 24, akaingia ndani kwa tiketi ya hadithi zake mbili. Hakwenda kukaa tu. Alikuwa na muswada, akampa Achebe ausome. Muswada ule ukawa riwaya ya Weep Not, Child, iliyotoka 1964 katika mfululizo wa vitabu vya waandishi wa Afrika wa Heinemann. Mwaka uliofuata, 1965, David Cook aliyekuwa mwalimu Makerere akatoa mkusanyiko wa Origin East Africa, uliokusanya kazi za wanafunzi wa pale. Unaona mnyororo wenyewe, msomaji: jarida la chuo, kongamano, muswada mkononi mwa mkubwa, kitabu, mkusanyiko. Na pete ya kwanza ya mnyororo huo ni kijarida kidogo kilichokuwa tayari kumpokea mtu asiyejulikana.

Ningeishia hapa ningesema yule jamaa yangu alikuwa na haki. Si unaona, Kiingereza kilimtoa! Lakini jina kamili la lile kongamano lilikuwa kongamano la waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza. Hapo ndipo mambo yanapogeuka.

Aliyebaki nje

Mwezi huohuo wa Juni 1962, Shaaban Robert alikuwa anamalizia siku zake hapa kwetu Tanganyika. Alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909. Kufikia wakati ule alikuwa ameshatoa Maisha Yangu mwaka 1949, Kusadikika 1951, Adili na Nduguze 1952, wasifu wa Siti binti Saad 1958, na mashairi yasiyohesabika haraka. Hakuna mshairi wa Afrika Mashariki aliyekuwa hai wakati huo ambaye ungeweza kumweka mbele yake. Lakini kwa masharti ya mlango ule hakuwa na sifa ya kuingia. Aliandika Kiswahili.

Kabla mwezi haujaisha, Shaaban Robert alifariki dunia.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu, nikatoka nje kupunga upepo. Mwanafunzi mwenye hadithi mbili yumo ndani. Mzee mwenye kabati zima la vitabu hana pa kuingilia, tena kwenye ardhi ya Afrika Mashariki. Aliyelisema jambo hili wazi kuliko wote ni Ngugi mwenyewe, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha 1986. Alilinganisha hadithi zake mbili na kazi za Shaaban Robert, na pia za Fagunwa wa Nigeria aliyeandika Kiyoruba, akaona aibu ya mlango ule. Yeye aliyefaidika ndiye aliyeshtaki.

Tena kulikuwa na la pili. Shirika lililogharimia kongamano, Congress for Cultural Freedom, lilikuja kufichuliwa miaka ya 1966 na 1967 kwamba lilikuwa likipokea fedha za CIA ya Marekani. Waandishi wengi hawakulijua hilo. Nalitaja ili tukumbuke kwamba kila tamasha lina mwenye nyumba, na mwenye nyumba ndiye anayeweka masharti ya kuingia.

Ubishi ulianza mapema. Mwaka 1963 Mnigeria Obi Wali aliandika kwenye Transition hiyohiyo kwamba fasihi ya Afrika kwa lugha za Ulaya inaelekea ukutani. Na mwaka huohuo 1963 ikatoka tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar. Mfasiri alikuwa Mwalimu Nyerere, naye ni zao la Makerere ileile. Rais wa nchi alipata nafasi ya kuonyesha kwamba lugha yetu inaweza kubeba mzigo wowote.

Ngugi alichukua miaka kuvuka. Mwaka 1977 tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, aliyoiandika kwa Kikikuyu pamoja na Ngugi wa Mirii, ilichezwa na wanakijiji wa Kamiriithu wenyewe. Serikali ikaipiga marufuku, na mwisho wa mwaka akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kesi hadi Desemba 1978. Humo gerezani Kamiti akaandika riwaya kwa Kikikuyu kwenye karatasi za chooni. Ilitoka 1980, na Kiswahili chake, Shetani Msalabani, kikafuata 1982. Mimi nilikuwa nalalamikia kaunta buku!

Milango yetu wenyewe

Msidhani Kiswahili kilikuwa kimekaa kimya kikisubiri kualikwa. Katika shindano la hadithi la 1957 na 1958 lililoendeshwa na East African Literature Bureau, mshindi wa kwanza alikuwa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ikachapwa kuwa kitabu 1960, na Bwana Msa akaanza kupekua siri za watu. Mwaka 2007 Ken Walibora na Said Ahmed Mohamed walihariri mkusanyiko wa Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, ambao ulikuja kusomwa na wanafunzi wa sekondari Kenya nzima. Mwandishi mwenye hadithi moja ndani ya mkusanyiko kama ule anasomwa na watu wengi kuliko sisi tunavyoota. Na mwaka 2015 zilitolewa kwa mara ya kwanza tuzo za fasihi ya Kiswahili za Mabati-Cornell. Mmoja wa waanzilishi wake ni Mukoma wa Ngugi, mtoto wa Ngugi.

Kisha mwaka 2016 jarida la waandishi vijana, Jalada, lilitoa hadithi fupi ya Ngugi aliyoiandika kwa Kikikuyu, pamoja na tafsiri zake kwa lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwemo. Hebu fikiria. Mzee wa miaka 78, mwenye vitabu rafu nzima, karudi kwenye jarida la vijana na hadithi fupi mkononi, kama alivyofanya 1960. Alifariki Mei 2025 huko Marekani.

Nilirudi kubishana

Nilimrudishia Mwalimu kitabu chake. Nikamwambia nimeamua, riwaya inabaki Kiswahili. Nilitegemea atanipongeza. Akaniuliza, "Na bibi yako je?"

Nikanyamaza. Bibi yangu ndiye aliyenifundisha kusimulia. Hadithi zake ni za Kilambya, lugha inayosemwa upande huu wa mpaka na ule wa Malawi. Kiswahili chake ni cha sokoni tu. Ule ulimi wa mama muuza vitumbua niliuiba kwake. Sasa mimi nikiingia kwenye jarida na Kiswahili changu safi, yeye anabaki nje ya mlango, na mlango huo nimeuweka mimi.

Sijapata jibu la kumridhisha Mwalimu. Nilichopata ni kazi. Tuko vijana wanne hapa Isongole. Jumapili mchana tunakutana kwenye kibanda cha mwenzetu anayechaji simu za watu, kila mmoja anasoma kurasa zake kwa sauti, wengine wanakosoa bila kuoneana haya. Mwezi uliopita nilimleta bibi. Akasimulia kwa Kilambya, mimi nikaandika upande wa kushoto wa daftari kama alivyosema, na upande wa kulia Kiswahili. Kurasa sita zilijaa. Alipomaliza akataka nimsomee upande wa kushoto, akanikosoa mara tisa.

Hatuna Achebe wa kumpa miswada. Tuna daftari moja la pamoja, lililofika ukurasa wa 40, na hadithi mbili ndani yake tunaona zinafaa kutumwa kwenye jarida kama hili. Ya kwanza ni ya mwenye kibanda. Ya pili ni ya bibi, na jina litakaloandikwa juu yake ni lake.