Imigongo: Historia Niliyoikuta Kazini

Katika wiki zangu za kwanza kama msanifu wa michoro huko Kagarama, wilayani Kicukiro, nilipewa kazi ya kuchora lebo ya kahawa. Mteja alitaka imigongo. Kwenye kompyuta hiyo ni pembetatu na mistari tu, lakini kihistoria ni zaidi ya hapo.

Sanaa hii ilianzia Gisaka, ufalme wa mashariki ulioingizwa katika Rwanda karne ya 19. Masimulizi humtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi, kuwa ndiye aliyepamba kuta za nyumba yake. Kinyesi cha ng'ombe kilichanganywa na majivu, kikafinyangwa kuwa matuta, kisha kikapakwa rangi, hasa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Matuta hayo ndiyo yaliyoipa sanaa jina: kwa Kinyarwanda, imigongo ni migongo, kama kwa Kiswahili.

Waliorithishana ufundi huu ni wanawake. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 nusura yaukate urithi huo. Baadaye wanawake wa Nyakarambi walijiunga katika ushirika wakaufufua, safari hii kwenye vibao vya kuuzwa.

Kwa maoni yangu, msanifu mgeni anayejifunza programu bila kujifunza asili ya umbo hutumia jasho la watu bila kuwataja. Nilipendekeza jina Nyakarambi liandikwe chini ya mchoro. Msimamizi wangu amekubali. Mteja bado anafikiria.