Ufipa Katika Majalada ya Wajerumani: Nani Atamgharimia Mtafiti?

Katika mwambao wa kusini mashariki wa Ziwa Tanganyika, chini ya nyanda za juu za Ufipa, ipo bandari ya Kasanga. Wakati wa utawala wa Wajerumani mahali hapo paliitwa Bismarckburg, kwa heshima ya Chansela Otto von Bismarck, mtu ambaye hakupata kuliona ziwa hilo wala kukanyaga ardhi ya Afrika Mashariki. Wakoloni walijenga boma hapo, na jina hilo la kigeni likawa jina la wilaya nzima, Ufipa ikiwa ndani yake. Jina hilo limekwisha kufa. Lakini mwalimu wa historia wa Sumbawanga anapoulizwa na wanafunzi wake kodi ya kwanza ilikusanywaje, nani alikamatwa kwa kutolipa, na Mwene alijibu nini alipoamriwa na afisa wa boma, hana budi kukiri kwamba sehemu kubwa ya majibu imo katika karatasi zilizoandikwa kwa Kijerumani, na zilizohifadhiwa mbali sana na Ufipa. Katika insha hii tunataka kuchunguza jambo moja: ni nani atakayemgharimia kijana wetu akazisome karatasi hizo, na kwa masharti gani?

Kwanza tukumbushane kwamba historia ya Wafipa haikuanza kwa kuja kwa Wajerumani. Palikuwapo utawala wa kale wa Milansi, kisha zikaja dola mbili za Nkansi na Lyangalile, kila moja ikiwa na Mwene wake. Wakulima walirutubisha ardhi kwa kufukia majani ndani ya matuta ya mviringo yaitwayo intumba. Wahunzi waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, na mabaki ya baadhi ya matanuri hayo yamedumu hadi zama zetu. Kisha, tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba uliopiga mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, bila ya Mwene yeyote kuulizwa. Ikafuata sheria ya kodi ya nyumba ya mwaka 1897, iliyowalazimisha watu kutafuta rupia ambazo hawakuzihitaji hapo kabla. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Waingereza kutoka Rhodesia ya Kaskazini yaliiteka Bismarckburg, na utawala wa Wajerumani katika Ufipa ukakoma.

Utawala ulikwisha, karatasi zikabaki. Baadhi zimo Dar es Salaam, katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Mwaka 1973 wataalamu wawili wa Kijerumani, Eckhart Franz na Peter Geissler, walichapisha orodha ya majalada hayo katika juzuu mbili, na mwaka 1997 majalada hayo yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Sehemu nyingine imo Berlin, katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani, ambako yamewekwa majalada ya iliyokuwa Wizara ya Makoloni. Wakati Ujerumani ilipogawanyika majalada hayo yalikuwa Potsdam, katika Ujerumani ya Mashariki. Nao Mapadre Weupe, waliokabidhiwa Karema mwaka 1885 na baadaye wakaenea Ufipa, waliandika shajara zao kwa Kifaransa, na hifadhi yao kuu ya nyaraka iko Roma.

Basi mtafiti wa historia hii anahitaji nauli ya kwenda Dar es Salaam, pengine Berlin na Roma. Anahitaji malazi na chakula. Na zaidi ya yote anahitaji muda wa kujifunza lugha. Kujua Kijerumani cha darasani hakutoshi, kwa sababu maafisa wa boma waliandika kwa mwandiko wa kale ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawawezi kuusoma bila ya kufundishwa. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Utafiti wa aina hii haufanywi kwa moyo wa kupenda tu.

Je, fedha zitoke wapi? Hapa nchini ipo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, lakini sehemu kubwa ya fedha zake huenda kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Vyuo vikuu vyetu husomesha wahadhiri wao kwa kadiri ya uwezo. Kwa hiyo macho ya wengi huelekea Ujerumani. Mfadhili anayejulikana zaidi ni shirika la kubadilishana wasomi liitwalo kwa kifupi DAAD, lililoanzishwa mwaka 1925, na ambalo lilifungua ofisi yake ya Nairobi mwaka 1973. Shirika hilo limewagharimia Waafrika wengi katika masomo ya uzamili na uzamivu, wengine huko Ujerumani na wengine katika vyuo vya Afrika yenyewe. Upo pia mfuko wa Gerda Henkel wa Düsseldorf, ulioanzishwa mwaka 1976 na ambao unajishughulisha hasa na taaluma za historia. Mwaka 2014 mfuko huo ulianzisha ufadhili uitwao Lisa Maskell kwa ajili ya wanafunzi wa uzamivu wa Afrika, na Chuo Kikuu cha Makerere ni mojawapo ya vyuo vilivyoshirikiana nao. Shirika la Kikatoliki la KAAD, lenye makao yake Bonn, hufadhili wasomi wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, hasa walio Wakatoliki. Wale waliokwisha kupata shahada ya uzamivu wanaweza kuuelekea mfuko wa Alexander von Humboldt.

Milango ipo, nasi hatuoni aibu kuibisha. Fedha hizo si sadaka tu. Nchi iliyotutawala kwa takriban miaka thelathini, ikachukua kodi na jasho la watu wetu, ina wajibu wa kusaidia ukweli wa miaka hiyo ujulikane. Hata hivyo, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Lazima tujiulize: anayetoa fedha hutaka kujua nini?

Taifa letu lilipata fundisho mapema. Mwaka 1965 Ujerumani ya Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa kuwa Tanzania ilikubali Ujerumani ya Mashariki iwe na konseli wake Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere hakuyumba. Aliitaka serikali hiyo iondoe na misaada yake mingine, kuliko nchi yetu kuchaguliwa marafiki. Siku hizi masharti ya ufadhili hayasemwi kwa sauti kubwa namna hiyo. Huja kwa upole, ndani ya fomu, kama orodha ya mada zinazopendelewa. Kijana aliyekwenda na swali la Ufipa aweza kurudi na shahada juu ya maisha ya afisa wa boma, kwa sababu maisha ya afisa ndiyo yaliyojaa katika karatasi, na ndiyo yanayoeleweka kwa msimamizi wake.

Iko hatari nyingine. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea akaomba msamaha kwa maovu ya vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Lilikuwa jambo jema na la haki. Lakini Ufipa haikuwa uwanja wa vita hivyo. Mateso yake yalikuwa ya kila siku: kodi, amri, na kazi za lazima. Mateso ya aina hiyo hayana mnara wala siku ya maadhimisho, na ni rahisi mfadhili anayetafuta vita kuyapita bila ya kuyaona. Kama sisi wenyewe hatutauliza, hakuna atakayeuliza kwa niaba yetu.

Kwamba inawezekana kuuliza wenyewe tumekwisha kuona. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa kukusanya masimulizi ya Majimaji kutoka kwa wazee, wengine wakirudi katika vijiji vyao wenyewe. Masimulizi yale yaliyapa majalada ya Wajerumani maana mpya. Katika Ufipa, mwanaanthropolojia Mwingereza Roy Willis alifanya utafiti katika miaka ya 1960, na kitabu chake juu ya dola za Ufipa kilitoka mwaka 1981. Lakini pia Mtanzania, Bertram Mapunda, alichimba na kuchunguza mabaki ya matanuri ya Nkansi, na mwaka 1995 akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, kwa kuonyesha kwamba watu wa kusini magharibi mwa nchi yetu walikuwa na zaidi ya mbinu moja ya kuyeyusha chuma. Yeye alisoma ugenini, lakini swali lake lilikuwa limechimbuka katika ardhi ya nyumbani.

Kwa hiyo tunapendekeza maandalizi yaanze mapema, shuleni. Mwalimu na awatume wanafunzi wake kuandika masimulizi ya wazee kuhusu rupia, boma na misheni, kama yalivyopokewa kutoka kwa babu na bibi zao, kwa kuwa walioiona Bismarckburg kwa macho hawapo tena. Anayekusudia kuendelea na masomo ajifunze Kijerumani kabla ya kuomba ufadhili. Na kabla ya kudai nauli ya Berlin, asome kwanza yaliyomo Dar es Salaam. Zaidi ya hayo, majalada mengi ya Wizara ya Makoloni sasa yamewekwa kwenye intaneti, na yanaweza kusomwa bila malipo. Mwombaji anayeweza kutaja kwa namba jalada analolitafuta, na kusema kwa nini masimulizi ya kijijini kwake yanapingana nalo, huyo hatapangiwa swali na mtu.

Mwisho, kila mtafiti na ahakikishe kwamba nakala ya kazi yake inarudi Sumbawanga, pamoja na muhtasari kwa Kiswahili. Tasnifu iliyofungiwa Bonn au Bayreuth kwa lugha ya kigeni ni majalada mengine tu yaliyoongezwa juu ya yale ya kwanza. Tupokee nauli kutoka kwa yeyote aliye tayari kuitoa kwa heshima, lakini swali tulibebe sisi kutoka Ufipa, na jibu lirudi hapa hapa, mbele ya wale waliolipa kodi ile na wajukuu wao.