Taa ya Redio Inawaka, Lakini Je, Ni Nzima?

Wengi wetu tumeziona zile taa ndogo za kioo zilizomo ndani ya redio za zamani. Redio iliponyamaza, mwenye nyumba alifungua mgongo wake, akatazama, akasema: Taa zote zinawaka, basi ni nzima. Lakini sivyo. Taa ya redio yaweza kuwaka vizuri, na kumbe nguvu zake zimekwisha.

Tutazame kwanza asili yake. Mwaka 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza taa yenye waya wa moto na kibati kando yake. Waya ukipata moto hutoa chembe ndogo mno za umeme, elektroni, nazo hurukia kibati. Mwaka 1906 Lee de Forest, wa Marekani, akatia kati yao kitu cha tatu, gridi, mfano wa wavu. Hapo ndipo ajabu yenyewe: umeme kidogo sana ukitiwa katika wavu hutawala umeme mwingi uendao kwenye kibati, na sauti dhaifu hupata nguvu. Lakini taa za de Forest zilikuwa na hewa kidogo ndani, na kila moja ilikuwa na tabia yake. Mwaka 1912 na 1913 Harold Arnold na Irving Langmuir walionyesha kwamba yafaa kuitoa hewa kabisa. Tangu hapo taa za aina moja zikafanana, na fundi akaweza kuuliza: Hii imepungua kiasi gani?

Kazi haikuwa ndogo. Tarehe 12 Februari 1931, Papa Pio XI aliposema na dunia katika Redio Vatikano, mitambo iliyojengwa na Marconi, sauti yake ilipita katika taa za namna hiyo.

Huko Marekani, katika miaka ya 1950, mashine za kupimia taa ziliwekwa hata katika maduka ya dawa. Mtu alichomeka taa yake, akaona sindano imesimama penye «nzuri» au «mbaya». Nyingi za mashine hizo ziliunganisha wavu na kibati, zikapima tu kama elektroni zinatoka. Kama wavu unatawala, hazikuuliza. Tena anayekuhukumia taa ya zamani ndiye anayekuuzia mpya! Ndiyo maana mafundi wengi wa nyumbani walijitengenezea kipimo chao wenyewe.

Kanuni yake si ngumu. Tuchukue taa iitwayo 6SN7, ambayo ndani yake mna taa mbili. Moto wake unataka volti 6.3. Kibati hupewa volti 250, na wavu volti 8 za upande wa kutoa. Taa nzima itapitisha kama miliampea 9 katika kila upande. Kisha wavu husogezwa kwa volti 1, na umeme wa kibati hubadilika kwa miliampea 2.6 hivi. Ukibadilika kwa nusu tu ya hizo, taa imechoka, hata ikiwaka kama jua.

Taabu kubwa ni miguu. Taa nyingine zina miguu 4, nyingine 5, 7, 8 au 9, wala mpango wake si mmoja; basi sanduku la fundi hujaa matundu na swichi. Volti 250 nazo huua. Hata mashine ikizimwa, umeme hubaki katika kondensa, na fundi mwenye akili huumaliza kwanza kabla ya kutia mkono.

Mwaka 1947 transista ilizaliwa Marekani, na taa zikaondoka polepole katika redio. Hata hivyo wapiga gitaa na wapenzi wa redio za kale wanazitumia mpaka leo, na vipimo vinaendelea kutengenezwa mezani. Mhandisi mmoja Mholanzi, Ronald Dekker, amebuni kimoja kiitwacho uTracer: humpa kibati umeme mkali kwa kitambo kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, hupima, hukata, na kompyuta huchora mstari. Kwa hiyo hakihitaji transfoma kubwa na nzito. Lakini matundu ya miguu, hayo bado fundi huyatoboa mwenyewe.