Kughairi kisanduku cha makro: sifuri inayoweza kufuta uzito wa shehena

Karani wa ghala la mahindi huko Mpemba, Tunduma, mkoani Songwe, anayetunza hesabu kwa programu ya Excel, anaweza kupoteza kumbukumbu ya shehena nzima kwa kubonyeza kitufe kimoja tu: Cancel, yaani Ghairi.

Makro ni mfululizo wa amri zinazotekelezwa na lahajedwali kwa niaba ya mtumiaji. Makro za Excel zimeandikwa kwa lugha ya VBA tangu mwaka 1993. Nyingi hufungua kisanduku na kumwuliza mtumiaji jambo. Tatizo huanza pale mwandishi wake anapodhani kwamba kila anayeulizwa atajibu.

Kila kisanduku hutoa jibu lake kinapoghairiwa. MsgBox hurudisha namba 2, inayoitwa vbCancel. InputBox ya VBA hurudisha maandishi matupu. Application.InputBox na GetOpenFilename, inayotumika kuchagua faili, hurudisha False.

Hatari imo katika False hiyo. Tuseme karani ameulizwa uzito wa mzigo, akaghairi kwa kuwa lori halijapimwa. Ikiwa jibu limetengewa nafasi ya namba, False hugeuka 0, na sifuri hiyo huandikwa juu ya uzito uliokuwapo. Ikiwa limetengewa nafasi ya maandishi, makro hutafuta faili liitwalo "False", kisha hukwama. Aidha, mabadiliko yaliyofanywa na makro hayatenguliwi kwa Ctrl+Z.

Kinga yake si ngumu. Jibu lipokewe katika kigeu cha aina ya Variant, kisha likaguliwe kwa VarType. Likiwa vbBoolean, mtumiaji ameghairi, na amri ya Exit Sub isitishe kazi. Kulinganisha jibu moja kwa moja na False hakutoshi, kwani hata aliyeandika 0 kwa makusudi atahesabiwa kuwa ameghairi.

Kwa InputBox ya VBA, StrPtr ikitoa 0 mtumiaji ameghairi; vinginevyo amebonyeza OK, hata kama ameacha nafasi wazi.

Muhimu zaidi ni mpangilio: makro iulize maswali yote kwanza, ikague majibu, ndipo iguse takwimu. Kwa utaratibu huo, anayeghairi huliacha daftari kama alivyolikuta.