Serumu si chakula: Historia ya kulisha mgonjwa kupitia mshipa

Katika kambi za wahami na vituo vya afya vya mashariki mwa Kongo, mgonjwa aliyekonda akifikishwa kwa muuguzi, ombi la familia mara nyingi huwa moja: awekewe serumu apate nguvu. Mtoto akipewa maziwa ya matibabu bila kutundikiwa chupa, wako wazazi wanaoondoka wakisema hakutibiwa. Lakini chupa ya nusu lita ya glukozi ya asilimia 5 ina gramu 25 tu za sukari, sawa na vijiko vidogo vitano hivi. Haina protini, mafuta wala vitamini. Serumu ya chumvi haina chakula hata kidogo.

Wazo la kupitisha kitu mshipani ni la zamani. Mwaka 1656, mjini Oxford, Uingereza, Christopher Wren alimtilia mbwa divai mshipani akitumia unyoya wa ndege na kibofu cha mnyama. Mwaka 1832, kipindupindu kilipoua watu wengi Uskoti, daktari Thomas Latta aliwatilia wagonjwa maji yenye chumvi. Mama mmoja aliyekuwa karibu kukata roho alipata nafuu mbele ya macho yake. Daktari alipoondoka, kuhara kulirudi, na mama yule akafariki saa chache baadaye. Fundisho lilikuwa wazi tangu siku zile: mwenye serumu haachwi bila mtu wa kumwangalia.

Kwa miaka mingi baadaye, wagonjwa wengi waliotiliwa maji mshipani walipatwa na homa na kutetemeka. Mwaka 1923, mtafiti Mmarekani Florence Seibert alionyesha kwamba sababu ilikuwa masalia ya bakteria ndani ya maji yaliyodhaniwa kuwa safi. Kuchemsha peke yake hakukutosha, kwani bakteria hufa lakini sumu yake hubaki.

Kumlisha mtu chakula kamili kupitia mshipa kulibaki kugumu. Sukari nyingi ilichoma mishipa midogo ya mkono, na sukari kidogo ilihitaji maji mengi kuliko mwili unavyoweza kubeba. Nchini Uswidi, Arvid Wretlind alitengeneza mafuta ya soya yaliyochanganywa na kiini cha yai, yakaanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Marekani, mjini Philadelphia, daktari Stanley Dudrick na wenzake walipitisha mrija hadi kwenye mshipa mkubwa ulio karibu na moyo, mahali ambapo damu ni nyingi na huyeyusha sukari upesi. Walianza na watoto wa mbwa, wakakua vizuri. Mwaka 1967 wakamlisha hivyo mtoto mchanga aliyezaliwa karibu bila utumbo mdogo, naye akaongezeka uzito na urefu.

Njia hiyo imeokoa wengi wasioweza kabisa kutumia utumbo wao, lakini ni njia yenye hatari. Mrija ukiguswa kwa mikono michafu, vijidudu huingia moja kwa moja kwenye damu. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu akilishwa haraka, madini ya damu hushuka ghafla na moyo unaweza kusimama. Hata mchanganyiko wenyewe unaweza kudhuru: mwaka 1994, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya wagonjwa wawili kufariki, kukishukiwa kwamba kalsiamu na fosfati ziliganda ndani ya mfuko wa lishe. Ndiyo maana lishe hiyo huhitaji mfamasia, maabara na uangalizi wa usiku na mchana.

Mwaka huohuo wa 1994, kipindupindu na kuhara damu vilivamia wakimbizi kutoka Rwanda waliofika Goma, na karibu watu 50,000 walifariki katika mwezi wa kwanza. Mgonjwa wa kipindupindu aliyekauka sana anahitaji serumu, tena haraka. Lakini hata hapo mdomo una nafasi yake. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India, serumu ilipokwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na sukari. Vifo vilishuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4.

Kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali, moyo wake umekuwa dhaifu. Maji mengi mshipani yanaweza kuujaza ukashindwa kusukuma damu. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba asiwekewe serumu isipokuwa kwa hali ya pekee, kama vile mshtuko wa mwili, tena polepole na chini ya uangalizi. Tiba yake ni maziwa ya F-75 kwa kiasi kidogo kila baada ya saa chache, kisha F-100 au ile karanga ya pakiti iliyobuniwa Ufaransa mwaka 1996.

Familia ina haki ya kumuuliza muuguzi: chupa hii ina nini, ni ya kazi gani, na nani atamwangalia mgonjwa hadi iishe? Na muuguzi akimpa mtoto kikombe badala ya sindano, hajamnyima tiba. Mara nyingi kikombe ndicho tiba yenyewe.