Fahamu Uvimbe Sugu wa Miguu wa Kurithi na Jinsi Unavyotofautiana na Matende

Na Mwandishi Wetu

Uvimbe sugu wa miguu wa kurithi ni hali inayotokana na hitilafu katika mfumo wa limfu. Mtu huzaliwa na hitilafu hiyo, na anaweza kuirithisha kwa watoto wake. Hali hii ni adimu. Katika nchi yetu, ambako mguu uliovimba kwa muda mrefu huhusishwa mara moja na matende, ni rahisi mgonjwa kudhaniwa kuwa na vimelea ambavyo hana, au familia yake kunyooshewa kidole kwa madai ya laana na uchawi. Makala hii inaeleza chanzo cha hali hiyo, dalili zake, namna ya kuitofautisha na magonjwa mengine na matunzo anayostahili mgonjwa.

Mfumo wa limfu na kazi yake

Damu inapozunguka mwilini, sehemu ya maji yake hupenya kuta za mishipa midogo na kuingia katika nyama za mwili. Kila siku lita kadhaa za maji hayo hukusanywa na mishipa ya limfu, huchujwa katika tezi zilizoko kwenye kinena, makwapa na shingo, kisha hurudishwa kwenye damu. Mfumo huo pia hubeba chembe za kinga zinazopambana na vijidudu.

Mishipa ya limfu inapokuwa michache, dhaifu au isiyofyonza maji ipasavyo, maji hayo yenye protini hubaki chini ya ngozi. Kwa kuwa miguu iko mbali na moyo na hubeba uzito wa mwili, ndiyo huvimba kwanza. Uvimbe ukikaa miaka mingi bila matunzo, mafuta na nyuzi ngumu hujengeka chini ya ngozi, ngozi hukakamaa, na mguu hauwezi tena kurudi katika umbo lake.

Aina kuu za ugonjwa

Aina inayojulikana zaidi huitwa ugonjwa wa Milroy, kwa jina la daktari William Milroy wa Omaha, Marekani. Mwaka 1892 daktari huyo alichapisha taarifa ya ukoo mmoja wenye watu 97 katika vizazi sita, ambapo watu 22 walikuwa na uvimbe wa miguu. Katika aina hii mtoto huzaliwa na uvimbe, au hupatwa nao mapema utotoni. Kwa kawaida miguu yote miwili huvimba chini ya magoti, hasa sehemu ya juu ya wayo. Baadhi ya watoto huwa na kucha za miguu zilizopinda kuelekea juu na mishipa mikubwa ya damu inayoonekana miguuni. Baadhi ya wavulana huwa na busha.

Aina ya pili, iitwayo ugonjwa wa Meige, huanza wakati wa kubalehe au baadaye, na huwapata zaidi wanawake. Aina ya tatu huambatana na safu ya ziada ya kope zinazoota upande wa ndani wa ukingo wa jicho. Kope hizo hukwaruza jicho na kusababisha maumivu na machozi. Kwa sababu hiyo, mhudumu anayemchunguza kijana mwenye miguu iliyovimba anapaswa kumtazama macho pia.

Jinsi hali hii inavyorithiwa

Ugonjwa wa Milroy husababishwa mara nyingi na kasoro katika jeni iitwayo FLT4, iliyoko kwenye kromosomu ya 5. Jeni hiyo hutoa maelekezo ya kutengeneza kipokezi kinachopokea ishara ya kukuza mishipa ya limfu. Kipokezi kikiwa na kasoro, ishara hufika lakini haifanyi kazi. Aina inayoambatana na kope za ziada hutokana na jeni nyingine, FOXC2, iliyoko kwenye kromosomu ya 16.

Inatosha kurithi nakala moja yenye kasoro kutoka kwa baba au mama. Mzazi mwenye kasoro hiyo ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuirithisha katika kila mimba, awe anapata mtoto wa kike au wa kiume. Uwezekano huo huanza upya kila mimba. Mzazi anaweza kupata watoto wote wenye kasoro, au asipate hata mmoja. Aidha, baadhi ya watu wenye kasoro hawavimbi kabisa, na kasoro inaweza kujitokeza kwa mara ya kwanza kwa mtoto ambaye wazazi wake hawana. Mtoto mwenye uvimbe katika familia isiyo na historia hiyo si ushahidi kwamba mama yake alikosa uaminifu.

Tofauti na matende na magonjwa mengine

Matende husababishwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu. Minyoo hiyo hukaa katika mishipa ya limfu na kuiharibu polepole, hivyo uvimbe hujitokeza miaka mingi baada ya maambukizi, kwa kawaida utu uzimani. Mara nyingi mguu mmoja huvimba kuliko mwingine. Uvimbe wa kurithi hauambukizi, hauenezwi na mbu, na katika aina ya Milroy huonekana tangu kuzaliwa.

Ipo pia hali inayowapata watu wanaotembea pekupeku kwa miaka mingi katika maeneo ya nyanda za juu yenye udongo mwekundu wa asili ya volkano. Imeshuhudiwa katika nchi kama Ethiopia, Uganda na Rwanda, na huzuilika kwa kuvaa viatu na kuosha miguu.

Kwa watoto, tahadhari kubwa inahitajika. Kuvimba nyayo zote mbili ni dalili mojawapo ya utapiamlo mkali, yaani kwashakoo, ambao huua usipotibiwa. Kwashakoo haianzi siku ya kuzaliwa. Huja baadaye, mara nyingi mtoto anapoachishwa ziwa, na huambatana na kunyong'onyea, kukosa hamu ya kula na mabadiliko ya nywele au ngozi. Mtoto yeyote aliyevimba miguu afikishwe kituo cha afya bila kusubiri, kwa kuwa magonjwa ya figo na moyo pia huanza hivyo.

Uchunguzi

Mtaalamu huuliza umri uvimbe ulipoanza na kama wapo ndugu wenye hali hiyo. Hujaribu pia kubana ngozi kwenye shina la kidole cha pili cha mguu: ngozi isiyoinuka huashiria tatizo la limfu. Vipimo vya damu husaidia kubaini minyoo ya matende, na vya mkojo hubaini tatizo la figo. Hospitali kubwa zinaweza kupiga picha za mishipa ya limfu. Kipimo cha jeni huthibitisha aina ya ugonjwa, lakini matunzo hayapaswi kusubiri kipimo hicho.

Matibabu na matunzo

Hakuna dawa inayoondoa kasoro ya jeni. Hata hivyo, mgonjwa anayetunzwa vizuri husoma, hufanya kazi, huoa au kuolewa na kuzaa. Matunzo ya msingi ni haya:

1. Kuosha miguu kila siku kwa sabuni na maji safi yasiyo ya moto, kisha kukausha vizuri katikati ya vidole.
2. Kupaka mafuta ili ngozi isipasuke, na kutibu fangasi na vidonda mapema.
3. Kufunga bandeji au kuvaa soksi maalumu za kubana, baada ya mtaalamu kupima mguu na kuhakikisha damu inafika vizuri.
4. Kufanya mazoezi ya vifundo na kutembea, na kuinua miguu wakati wa kupumzika.
5. Kuvaa viatu vinavyotosha na kudhibiti uzito wa mwili.

Dawa za kuongeza mkojo hazitibu uvimbe wa limfu na zisitumiwe bila ushauri wa daktari. Kuchanja mguu kwa wembe ni hatari, kwa kuwa kila jeraha ni mlango wa bakteria. Mgonjwa anayeishi katika eneo linalopewa kingatiba ya matende asiikwepe kwa kudhani haimhusu, kwani anaweza kuambukizwa kama mtu mwingine yeyote. Amweleze mhudumu hali yake na kufuata maelekezo.

Dalili zinazohitaji hospitali haraka

Mguu ukiwa mwekundu, wa moto na wenye maumivu, pamoja na homa na kutetemeka, hayo ni maambukizi ya ngozi yanayohitaji dawa za antibaiotiki mapema. Kila shambulio huharibu zaidi mishipa iliyosalia. Vilevile, mguu mmoja kuvimba ghafla huweza kuashiria damu iliyoganda. Kuvimba uso na mikono wakati wa ujauzito, au kupumua kwa shida, ni dharura.

Wajibu wa familia na jamii

Mtoto mwenye miguu iliyovimba ana haki ya kwenda shule, kucheza na kuvaa viatu vinavyomtosha. Walimu wamlinde dhidi ya dhihaka, na wamruhusu kuinua miguu anapochoka. Wenza wanaopanga kupata watoto, na mmoja wao ana hali hii, wamwone daktari pamoja ili wapate ushauri. Mama mjamzito aeleze historia ya familia kliniki ili mtoto achunguzwe mara tu anapozaliwa.

Mwananchi mwenye uvimbe wa miguu uliodumu, au mwenye mtoto wa aina hiyo, anashauriwa kuanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako atapimwa na kupewa rufaa inapohitajika.